Albamu ya pawa metali yenye majoka na mapanga: jinsi ya kuitengeneza wanamuziki mkiwa mbalimbali

Bendi inayofanya mazoezi chumba kimoja haihitaji maandishi mengi. Mpiga ngoma akikimbia, mpiga besi humtupia jicho na mambo husawazishwa kabla ubeti haujaisha. Mradi wa pembeni, yaani albamu wanayoitengeneza wanamuziki nje ya bendi zao, hauna jicho hilo, na pawa metali, metali ya kasi yenye viitikio vikubwa na hadithi za kishujaa, hutengenezwa hivyo mara nyingi. Mpiga gitaa anarekodi usiku baada ya mazoezi ya bendi yake halisi, mwimbaji anarekodi wiki tatu baadaye mahali pengine, na fundi wa kumiksi, yaani anayechanganya sauti zote ziwe wimbo mmoja, hajawahi kuonana na yeyote kati yao. Kila ambalo lingesahihishwa kwa sikio inabidi lisahihishwe kwa maandishi, tena mapema. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kazi inayofanyika kabla mtu hajachomeka gitaa.

Mmoja akate neno

Mfano unaojulikana sana wa albamu za namna hii ni Avantasia, mradi ulioanzishwa na Tobias Sammet alipokuwa bado anaongoza bendi ya Edguy. Albamu zake mbili za kwanza zilitoka mwaka 2001 na 2002: mtunzi mmoja, waimbaji wageni wengi, kila mmoja na mhusika wake. Ayreon ya Mholanzi Arjen Lucassen nayo inasimama juu ya mtunzi mmoja. Hilo si jambo la bahati. Watu wenye bendi zao huja na ladha zao na ratiba zao, na kura ikipigwa kwa kila solo, albamu haitoki.

Kwa hiyo chagueni mwenye mradi, na mkubaliane kwamba neno lake ni la mwisho kuhusu tempo, ufunguo, mpangilio wa wimbo na miksi. Chini yake wawepo watu wachache wa kudumu: ngoma, besi, gitaa moja au mawili, kinanda na okestra, na mwimbaji mkuu. Wageni waalikwe baada ya demo, yaani rekodi ya majaribio, kuwa tayari. Ukimwalika mwimbaji mwenye jina kabla ya kuwa na wimbo, utaishia kutunga wimbo kwa haraka ili asighairi, na haraka hiyo itasikika.

Kabla ya noti ya kwanza, andikeni mgawanyo. Tenganisheni vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe, na rekodi, yaani sauti iliyonaswa. Mpiga solo ya baa 16 (baa ni fungu la mapigo, mara nyingi manne) kwa kawaida hulipwa ada moja bila kupewa asilimia ya utunzi, lakini pasipo karatasi kila mtu atakumbuka ahadi yake kwa namna yake. Mgeni mwenye mkataba na lebo alete ruhusa ya lebo hiyo kwa maandishi, kwa sababu mikataba mingi ya kurekodi humzuia msanii kuimba kwingine bila idhini. Bora barua hiyo ije kabla ya sauti yake, vinginevyo mtajikuta mkitafuta mwimbaji mwingine huku jalada limeshachorwa.

Hadithi ipunguzwe hadi iimbike

Kosa linalojirudia kuliko yote ni hadithi kubwa mno. Mwandishi anakuja na falme saba, nasaba ya wafalme na ramani ya bara zima, kisha anataka yote yaingie kwenye dakika 50. Wimbo wa pawa metali wa dakika tano una beti mbili, daraja, kiitikio kinachorudi mara tatu au nne, na solo. Maneno mapya yanayoingia humo hayazidi nusu ukurasa. Hadithi isiyotosha nafasi hiyo haitasikika, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Kanuni inayofanya kazi ni wimbo mmoja, tukio moja. Mfalme anausia upanga. Daraja linavunjwa. Msaliti anafungua lango usiku. Andika albamu nzima kwa sentensi kumi, sentensi moja kwa wimbo. Sentensi ikihitaji "halafu", igawe au uitupe. Wahusika wanaoimba wasizidi watano, kwa sababu msikilizaji hana nyuso za kuwatofautisha, ana sauti tu. Watenor wawili wenye sauti zinazofanana wakiimba wahusika maadui, hakuna atakayejua nani anamlaani nani.

Majina yapewe nguvu ya pekee. Jina la kubuni lililochukuliwa kutoka kwenye riwaya au mchezo wa kompyuta linaweza kuwa na mwenyewe kisheria; visasili vya kale havina mwenyewe, ingawa tafsiri mpya za visasili hivyo zinaye. Ukibuni lako, liwe na silabi mbili au tatu na liishie kwa irabu iliyo wazi, kwa kuwa ndilo litakalopigiwa kelele kwenye kiitikio. Kisha rekodi faili fupi ukitamka kila jina, uwapelekee waimbaji wote. Bila faili hiyo, mhusika mmoja atakuwa na majina matatu.

Sasa tuangalie mstari wenyewe. Tuseme kiitikio kinaanza hivi:

*Upanga wa baba yangu*
*utafungua milima*

Mizani ni nane na nane, na ukizisoma kwa kugonga meza hazina kasoro. Tatizo linatokea pale mwimbaji anapofika kwenye noti ndefu ya juu. Kwa Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo noti ndefu itakaa juu ya "ya" katika *yangu* na juu ya "li" katika *milima*. "Ya" ni nafuu: kinywa kimefunguka, sauti inatoka yenyewe. "Li" inabana taya, na kwenye noti za juu kama A4 au B4 (herufi ni noti, namba ni oktava yake) waimbaji wengi wataipotosha mpaka isikike kama "le", au koo litakaza. Badilisha:

*Upanga wa baba yangu*
*utafungua mlango*

Mizani ni zile zile nane, lakini noti ndefu sasa imekaa juu ya "la". Maana imebadilika kidogo, na iwe hivyo. Kwenye kiitikio cha pawa metali irabu ina uzito kuliko picha. Fanya ukaguzi huu kwa kila noti inayozidi mapigo mawili, katika lugha yoyote mnayoimbia. Na usikubali kamwe mkazo wa neno uanguke nje ya pigo zito: *upanga* ukiimbwa kwa kukazia "u" husikika kama umeimbwa na mtu asiyejua anachosema.

Ufunguo hufuata koo

Wapiga gitaa hutunga kwenye E kwa sababu waya mnene uko pale. Hiyo si sababu ya kutosha. Mwombe kila mwimbaji noti tatu: ya chini anayoisikia bila kunong'ona, ya juu anayoweza kuirudia mara ishirini, na ya juu kabisa anayoweza kuitoa mara moja kwa wimbo. Tunga kiitikio ndani ya ile ya pili. Ya tatu ibaki kwa ukelele mmoja, mahali pamoja.

Aina hii ya muziki hupenda kupandisha kiitikio cha mwisho kwa toni nzima. Kama kilele cha kiitikio ni A4, baada ya kupanda kitakuwa B4, tena baada ya dakika nne za kuimba. Jaribuni hilo kwenye demo. Kupandisha nusu toni badala ya nzima si aibu.

Nyimbo za kupokezana kati ya mwanamume na mwanamke zina mtego wake. A4 ile ile inayomfanya tenor apasuke, kwa mwanamke ni noti ya katikati, anaiimba huku ametulia. Matokeo yake mmoja anasikika vitani na mwingine yuko jikoni. Mpe mwanamke sauti ya tatu juu ya ile ya mwanamume, kama C5, ndipo wote wawili watoke jasho.

Ramani ya tempo

Hapa ndipo miradi mingi ya mbali huharibika, na dawa yake ni faili tano tu. Kwa kila wimbo mwenye mradi aandae folda moja yenye:

1. Faili ya MIDI (maagizo ya muziki yanayosomwa na kompyuta, si sauti yenyewe) yenye ramani ya tempo: mapigo kwa dakika, kila badiliko la kasi, na kila baa yenye hesabu tofauti na 4/4.
2. Kliki, yaani mlio wa kuhesabia mapigo, kama WAV (faili ya sauti isiyobanwa), yenye baa mbili za kuhesabia mwanzoni.
3. Demo nzima kama WAV, ikiwa na sauti ya kuongozea.
4. Maneno, na namba ya baa kando ya kila mstari.
5. Ukurasa mmoja wa masharti: 48 kHz (sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde), biti 24, mtuno wa gitaa, A ni 440 Hz, na namna ya kuyapa majina mafaili.

Faili zote, hata ya ukelele wa sekunde nne dakika ya tatu, zianze kwenye sifuri ya wimbo. Ukimya hauna gharama. Kuitafuta sehemu ya faili iliyokatwa kunakula mchana mzima.

Kwa nini WAV na si MP3? Kodeki ya MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni mwa faili. Mara nyingi ni sampuli elfu moja hivi, yaani takriban milisekunde 25. Kwa mapigo 180 kwa dakika, noti ya moja ya kumi na sita (robo ya pigo) ina urefu wa milisekunde 83. Mpiga gitaa aliyerekodi akifuata demo ya MP3 atakuwa amechelewa kwa karibu theluthi ya noti hiyo kwenye wimbo mzima, na wote watamlaumu mkono wake.

Kiwango cha sampuli nacho kina dalili zake. Faili iliyorekodiwa kwa 44.1 kHz ikisomwa kama 48 kHz bila kubadilishwa, inakimbia kwa karibu asilimia 9 na kupanda karibu nusu toni moja na nusu. Ukisikia gitaa limekuwa la katuni na linamaliza kabla ya wimbo, usimwombe mtu arekodi upya. Fungua sifa za faili kwanza.

Kuhusu kasi yenyewe: nyimbo za mbio hukaa kati ya 160 na 190, za mwendo wa farasi karibu 120 hadi 140, za polepole chini ya 80. Albamu ya nyimbo kumi zote za 180 inachosha kufikia wimbo wa nne. Hila ndogo ya ndani ya wimbo: ubeti 176, kiitikio 172. Hakuna atakayesema kimepungua, lakini kwaya itapata nafasi ya kupumua. Kama badiliko hilo halimo kwenye ramani ya MIDI, lisifanyike.

Ngoma

Miguu miwili ikipiga noti za moja ya kumi na sita kwa 180 inatoa mapigo 12 kwa sekunde. Mpiga ngoma halisi anayeweza hivyo kwa utulivu ni mali. Kama yupo na ana chumba cha kurekodia, mrekodini. Kama hayupo, ngoma za kompyuta hufaa, ila ziandikwe na mtu anayejua mwili. Binadamu ana mikono miwili: matoazi mawili na snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) haviwezi kupigwa kwa pamoja. Kiki (ngoma kubwa ya mguu) za mfululizo zisilingane nguvu. Mguu dhaifu uwe chini kidogo, na pigo la kwanza la kila robo lizidi mengine. Ukiacha kila noti kwenye nguvu ya 127, ya juu kabisa katika MIDI, utapata sauti ya cherehani.

Ngoma zikamilike kabla ya gitaa kurekodiwa kwa kweli. Besi nayo ifuate kiki, isifuate demo.

Gitaa na besi

Kila mtu atume ishara kavu, yaani ya gitaa kabla ya kupita kwenye amplifaya, hata kama anaipenda amplifaya yake kuliko ndugu zake. Vilele vikae kati ya desibeli -12 na -6. Ishara kavu inamwezesha fundi kuipitisha baadaye kwenye amplifaya moja kwa nyimbo zote, hivyo wapiga gitaa watatu wa nchi tatu wasikike kama albamu moja. Tuma na sauti ya amplifaya yako kando, kama kielelezo.

Gitaa la ridhimu lirekodiwe mara mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia, kila moja ikipigwa upya. Kunakili rekodi moja pande zote mbili hakuleti upana. Masikio husikia gitaa moja limesimama katikati. Badilisha nyaya kabla ya kila nyimbo mbili au tatu, na angalia mtuno kabla ya kila jaribio. Gitaa moja likipotoka kidogo halisikiki peke yake, lakini likikutana na jingine na okestra, kila kodi (noti zinazopigwa pamoja) inakuwa na ukungu. Kiwango cha mkwaruzo wa amplifaya kiwe chini kuliko unachopenda chumbani: gitaa mbili zikijumlishwa, mkwaruzo nao hujumlishwa.

Wapiga solo waambiwe idadi ya baa, ufunguo, na kodi zilizo chini. "Piga chochote" huzaa solo inayomalizikia kwenye noti isiyoafikiana na kodi ya kurudi kwenye kiitikio.

Waimbaji na kwaya

Mwimbaji mkuu atume majaribio matatu mazima ya kila sehemu, makavu, bila mwangwi wala kubanwa. Apunguze kliki masikioni kwenye sehemu tulivu, la sivyo itavuja hadi kwenye maiki na itasikika chini ya kinanda cha wimbo wa polepole. Chumba chenye kuta tupu ni adui mkubwa kuliko maiki ya bei nafuu. Mwangwi ulionaswa hautoki tena, na mhusika aliyepaswa kuwa juu ya mlima atasikika yuko bafuni. Magodoro na nguo nzito nyuma ya mwimbaji husaidia kuliko mbele yake, kwa sababu maiki ya upande mmoja hutazama nyuma ya kichwa chake.

Kwaya haihitaji watu hamsini. Watu wanne wakiimba sauti tatu, kila sauti mara nne, wanatoa sauti 48. Wachanganye wanawake na wanaume, na kila mmoja ahame hatua moja kutoka kwenye maiki kila anaporudia. Silabi zenye "s" na "t" zitamkwe na mtu mmoja tu, wengine waziache. Sauti 48 zikitoa "s" kwa tofauti ya milisekunde chache kila moja, kinachosikika ni mvua ya mawe juu ya bati. Mwisho wa kila noti ndefu uandikwe: "kata pigo la tatu". Kwaya huanza pamoja kwa urahisi. Kumaliza pamoja ndiko kunakoshinda wengi.

Okestra

Fidla, baragumu na ala nyingine za okestra za kompyuta zina ugonjwa mmoja: sauti za kuteleza kutoka noti hadi noti huchelewa kuamka, baadhi kwa zaidi ya milisekunde 100. Kwenye wimbo wa mbio hiyo ni zaidi ya noti ya moja ya kumi na sita. Zivute mbele kwa ucheleweshaji hasi, kila ala kwa kiasi chake, au tumia sauti fupi zinazoanza papo hapo kwenye sehemu za kasi.

Jambo la pili ni msongamano. Okestra isiimbe kile gitaa linachopiga kwenye oktava ile ile. Gitaa likijaza katikati, fidla zipande juu na baragumu lijibu kwenye mapengo. Kata okestra chini ya 150 Hz hivi kila gitaa linapokuwepo. Iachie chini yake pale tu inapobaki peke yake.

Kumiksi na mastaring

Fundi asiwe mmoja wa wapigaji, ikiwezekana. Mpiga kinanda akimiksi, kinanda kinapanda. Anza na wimbo mgumu kuliko yote, wenye kwaya na okestra na kiki za mfululizo. Ukitulia huo, mingine itafuata kigezo chake. Kiki ipate mlio wa kidole kwenye meza kati ya 3 na 5 kHz, kwa sababu kwa kasi hiyo uzito wa chini hauna muda wa kupungua kati ya pigo na pigo. Besi ndiyo ibebe uzito.

Maoni ya miksi yaende kwa mwenye mradi, naye atume orodha moja yenye dakika na sekunde. Raundi tatu zinatosha. Baada ya hapo watu huomba kuongezewa sauti zao.

Mastaring ni hatua ya mwisho ya kuikamilisha sauti ya albamu. Spotify husawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa mpangilio wake wa kawaida, kwa hiyo kusukuma rekodi ya mwisho hadi -6 hakukupi sauti kubwa zaidi kwa msikilizaji huyo. Unabaki na matoazi yaliyopondwa. Kati ya -10 na -8 metali bado ina meno. Kilele cha kweli kiwe -1 desibeli au chini yake. Mkitaka santuri, hesabuni upande mmoja usizidi dakika 20 hadi 22. Ukizidi hapo, mifereji hubanana na sauti hupungua. Nyimbo zenye "s" kali na matoazi mengi zisikae mwisho wa upande, karibu na kitovu, ambako santuri hupotosha zaidi.

Kupakia

Kila rekodi ipewe msimbo wake wa ISRC (msimbo wa kimataifa wa kutambulisha rekodi), wenye herufi na tarakimu 12, na msimbo huo ukae na rekodi hiyo hata ikitolewa tena kwenye mkusanyiko. Miksi mpya hupata msimbo mpya. Jalada lichorwe mraba, pikseli 3000 kwa 3000, na jina lisomeke likiwa dogo kama ukucha. Michoro ya majoka ina vitu vingi, na herufi za kigothi hupotea humo.

Majina ya wageni yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kurasa zao za usikilizaji, na kila jina liunganishwe na ukurasa wake wakati wa kupakia. Usipofanya hivyo, mwimbaji wako atapewa ukurasa mpya mtupu, au wimbo utaangukia kwa rapa anayetumia jina lile lile. Pakia wiki nne kabla ya siku ya kutoka, ili kosa la namna hiyo likigunduliwa kuwe na muda wa kulirekebisha.